Modemu inaunganika ila kurasa hazifunguki

Ndugu, nimekuelewa: wvdial (programu ya Linux ya kupigia modemu) inapiga, unapata anwani ya IP, lakini kurasa hazifunguki, na ukikaa bila kutumia mtandao laini inakatika.

Anza na amri ping 8.8.8.8, inayopima kama mtandao unafika nje. Ikijibu, shida ni DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP): kwenye /etc/wvdial.conf weka Auto DNS = on, kisha kagua /etc/resolv.conf, faili lenye anwani za seva za DNS. Isipojibu, tazama njia za mtandao kwa amri ip route. Kama Wi-Fi au kebo bado imeshika njia kuu, chaguo la defaultroute la pppd (programu inayoendesha muunganisho baada ya wvdial kupiga) halitaiondoa. Zima hiyo kwanza, ndipo upige. Wengi hukwama hapa.

Kuhusu kukatika, weka Idle Seconds = 0 kwenye wvdial.conf ili isikate ukikaa bila kutumia, lakini kama unalipia kwa dakika, laini itaendelea kula pesa.

Faili hilo la wvdial.conf lina nywila iliyo wazi. Lifunge kwa chmod 600, ili mwenye faili tu aweze kulisoma. Modemu ikiendelea kugoma, muulize mtoa huduma wako mipangilio sahihi.