Mijakaranda Ikichanua, Safisha Gata

Kila mwaka kuna asubuhi moja, mara nyingi mwanzoni mwa Septemba, naamka hapa Dagoretti, Nairobi, nikute mawingu ya kipupwe yameondoka. Tangu Juni tumeishi chini yake. Manyunyu asubuhi, nguo hazikauki, kuku wamejikunyata kwenye kona kama abiria wa matatu ya alfajiri. Halafu siku hiyo jua linatoka mapema, Milima ya Ngong inaonekana yote, na shosho wa nyumba ya pili anatoa mito na magodoro nje kabla hata sijanywa chai. Yeye haangaliagi utabiri wowote.

Binamu yangu yuko Ujerumani. Kipindi hichohicho hunitumia picha za majani yaliyogeuka manjano, ananiambia joto lao limekwisha na sasa ni vuli. Nami humjibu kwamba hata sisi tunangoja vuli, ila yetu ni mvua. Tuko digrii moja na kidogo kusini mwa ikweta, mchana haubadiliki kwa zaidi ya dakika chache mwaka mzima, kwa hiyo miti yetu haina sababu ya kuogopa giza. Kinachotuunganisha mimi na yeye ni mbayuwayu. Mwezi Septemba wanaondoka huko kwao. Ikifika Oktoba wamejipanga kwenye nyaya za stima hapa kwetu. Siwezi kuapa kwamba ni walewale wa paa lake, lakini napenda kudhani hivyo.

Kati ya asubuhi ile ya jua na mvua ya kwanza nzito huwa tuna wiki kama sita. Ukiwa na ploti yenye kijishamba na kuku kadhaa, hizo ndizo wiki za kufanya kazi, na ndizo pia wiki nzuri zaidi za kukaa nje. Mwaka wa kwanza nilizitumia kukaa tu. Mvua iliponyesha usiku, gata zilikuwa zimejaa majani ya mgrevilea, maji yakafurika nyuma ya ukuta na kuingia stoo, yakalowesha gunia zima la chakula cha kuku. Baada ya siku mbili kikaota ukungu. Nilikimwaga chote, maana chakula chenye sumukuvu si cha kujaribu, hata ukiona uchungu wa pesa.

Basi anza na gata. Hesabu yake ni rahisi: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita za mraba 60 likinyeshewa milimita 20 linakupa lita 1,200. Hata ukitoa inayopotea njiani, tangi la lita 1,000 linaweza kujaa kwa usiku mmoja, na kwa sisi ambao maji ya mfereji huja yanapotaka, huo si mzaha. Ila mvua ya kwanza usiiingize kwenye tangi. Mabati yamekusanya vumbi na mavi ya ndege tangu Agosti. Chomoa bomba, iache ioshe paa, halafu urudishe.

Udongo nao unataka kulimwa ukiwa mkavu. Huu wetu mwekundu ukilowa unashika jembe hadi linakuwa na uzito wa mtoto. Mimi hupasua mapema Septemba na kuchanganya samadi ya ng'ombe. Mbolea ya kuku naiweka kando ioze kwanza, kwa sababu ikiwa mbichi inaunguza miche. Sukuma wiki huzihamisha jioni, kamwe si mchana.

Tunachobishania na jirani yangu Guka ni maharagwe. Yeye huiita mvua hii mbura ya mwere, yaani mvua ya mawele kwa Kikuyu, kama walivyoiita wazee wake, na hupanda kwenye vumbi kabla haijafika ili mbegu zisipitwe na tone hata moja. Mimi husubiri udongo ulowe urefu wa kidole. Kila mmoja wetu ameshawahi kuumia. Kuanzia 2020 hadi 2022 vuli ilitutupa miaka mitatu mfululizo, na aliyepanda kwenye vumbi aliona mbegu zikichipuka kwa manyunyu ya siku mbili na kunyauka. Kisha 2023 ikaja El Niño, na mimi niliyengoja sikupata hata siku moja ya kuingia shambani bila kuzama. Siku hizi nagawa: nusu kabla, nusu baada. Guka anasema huo ni woga. Mahindi nimeacha kabisa msimu huu, kwa sababu kwa baridi ya huku juu hayakomai kabla mvua haijakatika.

Lakini kama utakumbuka kitu kimoja, kumbuka siafu.

Udongo ukilowa, siafu huhama. Usiku mmoja, kama saa nane, nilisikia kuku wakipiga mbawa bila kulia. Nilipomulika tochi, sakafu ya banda ilikuwa inatembea. Nilifungua mlango, kuku wakubwa wakakimbilia giza, nikapoteza vifaranga wanne. Miguu yangu sitaieleza. Tangu hapo banda limeinuliwa kwa nguzo, kila nguzo imesimama ndani ya mkebe wenye oili chafu, na majivu ya kuwazuia nayahifadhi kwenye ndoo yenye kifuniko. Majivu yakishalowa hayafai kitu, kwa hiyo unayanyunyiza upya kila baada ya mvua. Niongeze, kwa haki ya siafu, kwamba banda walilopita lilibaki bila mende wala papasi kwa miezi.

Chanjo ya kideri, ule ugonjwa wa kuku wa Newcastle, pia ifanye kabla ya mvua. Chupa moja inatosha kuku wengi kuliko wangu kumi na wawili, basi tunachangishana majirani wanne na kumaliza ndege wote asubuhi moja.

Ukishafanya hayo, toka. Nenda Karura siku ya kazi, asubuhi, njia zikiwa bado kavu; huo ni msitu ambao Wangari Maathai na wenzake walipigwa mwaka 1999 wakiutetea dhidi ya wanyakuzi, na ukitembea chini ya miti yake ya mihugu unaona kwa nini. Oktoba pitia bustani ya miti ya Arboretum na barabara za karibu, uone jakaranda zikimwaga zambarau juu ya magari. Mti wenyewe ni mgeni kutoka Amerika ya Kusini, ila hakuna mwenyeji anayepigwa picha kama yeye. Na kama huna nauli, kaa kibarazani saa kumi na moja jioni ukitazama juu. Ndege aina ya keremkerem wa Ulaya hupita kwa makundi wakiitana, na utawasikia kabla hujawaona.

Mwaka huu gata nimesafisha jana. Zimetoka ndoo tatu za majani, kiota kitupu, na mpira wa mtoto wa jirani aliokuwa akinishtaki kwa mamaye tangu Machi.