Masta ya utawala wa huduma za afya: jibu kwa nesi anayejiuliza kama ajitose

Mleta mada, swali lako nimelisoma na majibu ya wadau waliotangulia nimeyapitia yote. Umesema wewe ni nesi, wodini umeshakaa vya kutosha, sasa unaifikiria masta ya utawala wa huduma za afya na unataka kujua vitu vitatu, hesabu zake zikoje, kama inasomeka huku unapiga zamu, na ukimaliza unaambulia nini. Naona karibu wote wamerukia hilo la tatu. Mimi nilitokea maabara, nikaisoma nikiwa kazini, nimemaliza na sahivi niko upande wa ofisi, kwa hiyo ngoja nikupe nilichokiona mwenyewe, itakuwa ndefu kidogo vumilia.

Hesabu kwanza maana ndo inatisha watu wetu wa kliniki. Aisee ni za kawaida tu, asilimia, wastani, na takwimu kiasi za kujua kama tofauti unayoiona ni ya kweli au imetokea kwa bahati. Kinachokusumbua mwanzoni ni lugha ya wahasibu, anakuwekea mizania (ile karatasi ya mali na madeni) pale mbele anaongea haraka haraka na wale waliosoma biashara wanatikisa kichwa wewe umekaa tu. Usiogope. Kuna jambo moja ukilishika somo la fedha linakuwa jepesi sana, gharama zisizobadilika na zinazobadilika. Sehemu kubwa ya matumizi ya hospitali ni mishahara, na mishahara hailipwi kwa kuhesabu wagonjwa walioingia leo. Sasa mimi nimekaa maabara nikiambiwa kila mara "punguzeni vipimo tubane matumizi", kumbe ukifuta kipimo kimoja unachookoa ni vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, na tyubu basi, mashine iko palepale, mtu wa maabara yuko palepale, umeme unawaka. Ile bei iliyoandikwa kwenye orodha ya vipimo sio pesa unayoiokoa. Siku tunafundishwa hilo nilicheka peke yangu nyuma ya darasa.

Halafu kuna lile la nani analipa na analipaje, hapo ndo utaanza kuelewa vituko vingi ulivyokuwa unaviona wodini. Mfano tuliosoma sana ni Marekani, mwaka 1983 mfuko wao wa bima wa wazee, Medicare, uliacha kuilipa hospitali kwa kufuata gharama ilizotumia ukaanza kulipa kiwango kilichopangwa mapema kulingana na aina ya tatizo la mgonjwa. Baada ya hapo siku za kulala hospitali zikashuka. Wagonjwa ni walewale, madaktari walewale, ila sasa siku ya ziada kitandani inakula mfuko wa hospitali. Ukishaliona hilo huwezi tena kuangalia fomu ya bima kwa macho ya zamani.

Ila mambo yote hayo unaweza kuyasoma mwenyewe nyumbani ukitaka. Mimi naona faida kubwa ya hii masta iko sehemu mbili, watu unaokaa nao darasani na mradi wa vitendo. Na vyote viwili watu huwa wanavipitia juujuu ili wamalize.

Darasa letu lilikuwa mchanganyiko, madaktari, manesi, wafamasia, watu wa kompyuta, wahasibu, na vijana waliotoka digrii ya kwanza moja kwa moja hawajawahi hata kushika faili la mgonjwa. Kazi za kikundi mwanzoni ni kero tupu. Daktari anadhani yeye ndo mwenyekiti hata kama hajachaguliwa, mhasibu anaona nyie wote mnapoteza muda, kijana yeye anaandika kila kitu usiku peke yake halafu analalamika. Lakini swali bora kuliko yote niliyoyasikia miaka yangu yote pale liliulizwa na mhasibu, tena aliuliza kwa upole kabisa, "kwani mgonjwa akishaambiwa aende nyumbani, anakuwa bado kitandani anasubiri nini?" Sisi wa kliniki tukaangaliana. Kila mtu alikuwa na jibu la kipande chake na hakuna aliyekuwa na jibu zima.

Swali hilo likawa mradi wetu. Hospitali tuliyopangiwa ilikuwa na kilio cha siku zote, vitanda havitoshi, na uongozi ulikuwa unataka kujenga jengo jipya. Sisi tukaomba tufuatilie kitu kimoja tu, kuanzia daktari anaposema "leo unaruhusiwa" mpaka kitanda kinapotandikwa upya kwa ajili ya mwingine.

Sasa angalia safari yenyewe. Daktari bingwa anapita raundi asubuhi, anamwambia mama wa kitanda cha dirishani unaenda nyumbani leo, mama anafurahi anaanza kukunja kanga zake. Daktari anasonga mbele na raundi. Samari ya kuruhusiwa inaandikwa na intani, yaani daktari aliye mafunzoni, na intani anaandika samari zote raundi ikiisha, sio kabla, maana anamfuata bosi. Raundi inaisha mchana. Faili linaenda famasi, famasi ina foleni ya wagonjwa wa nje, dawa za wodini zinasubiri. Zikitoka faili linaenda kwenye bili, bili wanakuta kuna kipimo hakijaingizwa wanarudisha wodini, nesi aliyekuwa anajua habari zake ameshabadilisha zamu. Ndo bima inataka sahihi nyingine. Ndugu wa mgonjwa wamepigiwa simu wanasema watakuja wakitoka kazini. Mama amekaa ukingoni mwa kitanda amevaa viatu na mfuko umefungwa, na mapokezi ya dharura kuna watu wako kwenye machela wanaambiwa nafasi hakuna.

Nikwambie kilichonigusa mimi binafsi kama mtu wa maabara. Wagonjwa kadhaa walikuwa wanasubiri "jibu la maabara" ndo waruhusiwe, nikaenda kuangalia kwenye mfumo, jibu lilikuwa limetoka zamani. Liko pale kwenye kompyuta, hajalifungua mtu, kwa sababu anayelihitaji anaangalia majibu asubuhi kabla ya raundi na harudi tena mpaka kesho. Maabara tunapima muda kuanzia sampuli kufika mpaka jibu kutoka na tunajipongeza. Mgonjwa yeye muda wake unaisha pale mtu anapolisoma hilo jibu na kufanya uamuzi, na kile kipande cha katikati hakikuwa cha idara yoyote.

Hapo ndo ile kanuni ya foleni ya John Little, mtaalamu wa hesabu za foleni, inakuja na nguvu zake. Ni rahisi mno, wastani wa watu walioko ndani ni sawa na wanaoingia kwa siku zidisha kwa siku wanazokaa. Wakiingia 30 kwa siku na wastani wa kukaa ni siku 4, unahitaji vitanda 120 kila siku. Punguza kukaa kuwe siku 3 na nusu, inakuwa 105. Vitanda 15 hivyo hujaweka hata tofali moja. Na sio kwamba unavijaza vyote mpaka cha mwisho, kuna utafiti wa Uingereza wa mwaka 1999 ulioonyesha kwamba hospitali ikizidi kama asilimia 85 ya vitanda kujaa kwa wastani basi hatari ya kukosa nafasi inaanza kuonekana, kwa sababu wagonjwa wa dharura hawaji kwa ratiba.

Tuliandika ripoti nzuri tu, samari zianze kuandikwa mapema. Uongozi ukatupongeza, ukapiga picha na sisi, ukaendelea na mpango wa jengo. Nani anakata utepe wa samari zilizoandikwa mapema? Aliyechukua kitu ni inchaji mmoja wa wodi, akatundika ubao mweupe ukutani wenye majina ya wanaotarajiwa kuruhusiwa kesho na kinachosubiriwa kwa kila mmoja, na jioni anamwambia intani aanze kuandika samari za hao. Hakuomba bajeti, hakuomba ruhusa ya mtu. Nilijifunza kwake kuliko kwenye somo zima la uongozi, na mpaka leo nikisikia mtu anasema tatizo ni pesa namuuliza kwanza mgonjwa anasubiri nini.

Kuna mjadala mwingine wa darasani ambao sitausahau. Tulikuwa tunafundishwa ubora kwa ule mgawanyo wa Donabedian, daktari mtafiti wa ubora wa huduma, wa mwaka 1966, muundo (ulichonacho), mchakato (unachofanya), matokeo (mgonjwa anaishiaje), kila mtu anausinzia. Mwalimu akaleta ile orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, karatasi ya mambo ambayo timu inahakiki kabla na baada ya kupasua. Utafiti wa 2009 katika hospitali 8 za nchi mbalimbali, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 mpaka 0.8, matatizo baada ya upasuaji kutoka 11 mpaka 7. Wote tukashangilia, karatasi tu inaokoa watu. Akatoa ya pili, jimbo la Ontario huko Kanada, hospitali 101 zilianza kuitumia, matokeo yakachapishwa 2014, vifo na matatizo havikushuka kiasi cha maana. Akakaa kimya akaacha tugombane. Manesi wa chumba cha upasuaji ndo walilipua, wakasema kujaza na kufanya ni vitu viwili, kuna mahali orodha inajazwa yote mgonjwa akiwa bado hajalala na dawa ya usingizi, na kuna mahali inajazwa baada ya kushona. Madaktari wakakasirika, mhasibu akauliza nani anakagua. Wapo watafiti waliotoa sababu zingine za tofauti hiyo na ubishi wenyewe haujaisha, lakini ukiwa kiongozi ukapewa ripoti ina asilimia 100 ya utekelezaji, kumbuka huo mjadala kabla hujasaini.

Haya, kusoma huku unafanya kazi. Inawezekana ila usidanganywe ni mteremko. Vipindi na mitihani vinabebeka. Kinachokuangusha ni zamu za usiku kugongana na vikao vya kikundi, na wanakikundi wanaanza kukununia, kwa hiyo ongea na inchaji wako mapema kabla hujajisajili, sio muhula umeshaanza. Na utafiti wa mwisho usiuache. Kibali cha maadili kinachukua muda kuliko unavyodhani, na ukishapata data utakuta ni vurugu, tarehe ya kutoka iko kabla ya tarehe ya kuingia, umri 999, jinsia tupu, mgonjwa mmoja ana namba tatu tofauti. Mimi usafishaji ulinila muda kuliko uchambuzi wenyewe. Kingine, ukihesabu siku za kulala usitumie wastani peke yake, mgonjwa mmoja aliyekaa miezi anavuta namba ya wodi nzima, weka na namba ya katikati (ukiwapanga wagonjwa kuanzia aliyekaa kidogo mpaka aliyekaa sana, siku za yule wa katikati) ili uone hali halisi.

Na hilo la kuambulia nini. Wanaosema cheti kinakupa cheo wanakupamba, na wanaosema hakina maana wana hasira zao. Niliowaona wakipanda ni wale ambao tayari walikuwa wameshika kitu, mmoja anapanga ratiba za zamu, mwingine anasimamia stoo ya dawa, masta ikawapa namna ya kuongea na wakubwa kwa namba. Wale vijana wasio na uzoefu walipata tabu kupata kazi, maana hakuna anayetaka kumpa bajeti mtu ambaye hajawahi kusimamia hata wodi. Wewe kwa upande huo uko vizuri. Ila jiandae kisaikolojia, ukihamia ofisini wenzako wanabadilika, stori zinakatika ukiingia chumba cha chai, na lile la kumaliza zamu ukijua fulani amepona kwa mikono yako halipo tena. Mimi bado napitapita maabara bila sababu.

Kabla hujalipa chochote ulizia kama programu inatambulika na mamlaka husika, kama kuna mradi wa vitendo ndani ya hospitali na sio ripoti ya kuandikia mezani, na kama kati ya walimu yupo hata mmoja aliyewahi kuendesha hospitali kweli. Hicho cha mwisho waulize wanafunzi waliomaliza, sio ofisi ya udahili.

Na mdau aliyesema asome masta ya biashara tu maana ni pana zaidi, nakuelewa, kama anataka mlango wa kutokea nje ya sekta hiyo ni bora. Lakini mleta mada amesema anataka kubaki hospitali. Na yule aliyependekeza afya ya jamii, ile inakupeleka zaidi kwenye magonjwa na jamii, ukipenda chanjo na milipuko nenda huko, bajeti na foleni za wodini utazikuta kidogo sana. Mleta mada kama una silabasi ya hicho chuo unachokifikiria weka hapa tuiangalie, hasa ile ya mradi wa vitendo.