Sinia Moja, Mikono Mingi: Kula na Kulisha Watu Mwambao, Oman na Ethiopia

Kula sinia moja na wenzako kuna taratibu zake, na nyingi kati ya hizo hakuna atakayekutajia. Ukiingia upande wa jirani yako, mwenyeji atanyamaza na jirani atapunguza kula. Basi. Utaondoka hujui kama umemnyima mtu riziki yake. Iwe Zanzibar, Nizwa au Addis Ababa, taratibu hizi zinalinda jambo lile lile: fungu la kila mtu limfikie, na alile bila kuona haya. Ukilishika hilo, hata pale usipojua desturi ya mahali utakisia vizuri.

Tuanze na Mwambao, maana ndiko makosa mengi yanakofanywa na watu wanaodhani wameshajua.

Kunawa hufanyika palepale mnapokula. Kijana wa nyumba hupita na birika na beseni, akianzia kwa mkubwa wa umri au mgeni aliyetoka mbali. Birika la lita 2 linatosha watu sita au saba. Weka mikono juu ya beseni, usugue kwa sabuni kwa sekunde 20 hivi, ufike katikati ya vidole na chini ya kucha, kisha usuuzwe. Kuanzia hapo mkono wa kulia ni wa chakula tu. Simu usiishike. Akiingia mtu akakupa mkono, mpe kifundo cha mkono naye atakishika, hakuna atakayechukia. Kosa la kawaida ni wenyeji kunawisha watu mapema, pilau likiwa bado jikoni. Dakika kumi zikipita, kila mmoja ameshashika ndevu, mtoto au mkeka, na maji yale yamekwenda bure.

Sinia la upana wa sentimita 50 ni la watu wanne au watano. La 60 linabeba sita. Mkizidi, mabega yanagongana na wapole ndio wanaorudi nyuma, kwa hiyo toa sinia la pili kuliko kusema "jisogezeni". Mahali penye nafasi ndogo watu hukaa upande, bega la kulia likitangulia mbele, na hapo sita wanaenea bila kusukumana.

Kwa vipimo, kilo 1 ya mchele mkavu hulisha watu wazima saba au wanane, kwa hiyo sinia la watu watano linataka mchele wa gramu 650 mpaka 700. Nyama yenye mifupa iwe sawa na uzito wa mchele ukiweza. Ikate vipande vya gramu 50 mpaka 60, vilingane. Hili la kulingana watu wengi wanalipuuza, na ndilo linaloharibu sinia: kukiwa na pande moja kubwa na vipande vingine vya mifupa mitupu, macho yote yataelekea huko na hakuna atakayethubutu kuligusa, au atathubutu mmoja na wengine wakamkumbuka nalo. Hesabu vipande wakati wa kupakua. Viwili kwa kila mtu, na viwili au vitatu vya ziada vya mwenyeji kugawia.

Biriani lina shida yake. Masala ukiyamwaga juu ya wali wote, yanashuka chini, wali unalowa, na aliyekaa pale sinia lilipoinama anapata mchuzi wa wote. Weka masala katikati tu, kwa kiasi, na mengine yaje kwenye bakuli pembeni ili mwenyeji aongeze. Hakikisha pia sinia limelala sawa. Chini ya mkeka wa ukili kukiwa na sakafu mbovu, weka kitambaa kilichokunjwa upande ulioinama.

Ukishasema Bismillahi, au sala ya dini yako, kula kilicho mbele yako. Mafundisho ya Kiislamu yanayoongoza adabu za Mwambao ni mafupi: kula kwa mkono wa kulia, kula kilicho karibu nawe, anzia pembezoni, kwa kuwa baraka hushuka katikati. Mpishi naye ana sababu yake ya kukubali. Ukingoni wali umetandazwa mwembamba na umepoa. Katikati bado unachoma. Anayechimba katikati anaungua vidole, na pia anatengeneza shimo ambalo mchuzi wa wenzake unakimbilia.

Tonge hufinyangwa kwa ncha za vidole, kiganja kikibaki kikavu. Kusanya wali kidogo, ukandamize kwenye ukingo wa sinia upande wako, uinue kwa vidole vitatu, dole gumba lisukume mdomoni. Lisizidi ukubwa wa ndimu ndogo. Tonge kubwa halishikamani, linavunjika njiani, na punje zilizoguswa midomo zinaanguka kwenye chakula cha wote. Hilo ndilo kosa zito kuliko yote. Usikung'ute vidole juu ya sinia, na kuvilamba kungoje mwisho, ukishamaliza kabisa. Mifupa na hiliki uliyoitema viweke kwenye kisahani, na kama hakuna, kwenye ukingo mbele yako. Kamwe visirudi ndani ya wali.

Nyama usiifuate. Mwenyeji au mkubwa wa sinia ataichambua na kuisukuma mbele ya kila mtu, na kwa kawaida mgeni hupewa pazuri zaidi. Ukipewa kingi, nawe msukumie jirani, huo ni uungwana unaopendwa sana. Ukiwa wewe ndiye mwenyeji, fanya kazi hii mapema. Watu wengi wenye haya watakula wali mtupu mpaka mwisho huku nyama imelala katikati.

Halafu kuna suala la nani anainua mkono kwanza. Mgeni akiacha kula ghafla, wenzake wanajiona walafi nao wanaacha. Ukishiba, punguza mwendo, chukua matonge madogo, ulizia jambo, mpaka mwingine naye apunguze. Mwenyeji ni wa mwisho kunawa, hata kama ameshiba zamani.

Mtu wa mashoto afanyeje? Mezani kwake mwenyewe hakuna neno, lakini kwenye sinia ajitahidi mkono wa kulia uingie, na kama hauwezi, kijiko kinamaliza tatizo. Kijiko pia ni haki ya mzee ambaye vidole vimekakamaa. Kiletwe kabla hajaomba. Mwenye kikohozi, kuhara au kidonda mkononi apakuliwe sahani yake, na aseme mwenyewe mapema. Kumpakulia mgonjwa si kumtenga.

Kwa ugali taratibu hubadilika kidogo, maana bakuli la mboga ni la wote. Mega tonge la kumaliza kwa mara moja, libonyeze kwa dole gumba lipate kishimo, chota, kula. Tonge ulilokwisha kuling'ata lisirudi kwenye bakuli.

Jambo la mwisho la Mwambao ni joto. Shughuli ikiwa na mikupuo miwili au mitatu ya walaji, usipakue masinia yote pamoja ukayafunika kwa kawa. Wali uliokaa vuguvugu zaidi ya saa mbili huota vijidudu vinavyoacha sumu, na sumu hiyo kupasha moto hakuiondoi. Sufuria libaki na mkaa chini na juu ya kifuniko, upakue kila kundi linapokaa.

Sasa Oman. Muscat na miji mingine ina familia nyingi zenye asili ya Zanzibar, wengi wakiwa wamehamia baada ya mapinduzi ya 1964, na wengine baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970. Utaamkuliwa kwa Kiswahili, utapewa mandazi asubuhi, na utajiona uko nyumbani. Ila kahawa yao ina utaratibu wake, na mgeni wa Kiswahili anajikwaa hapo.

Kwanza huja tende au halwa, pengine na matunda. Halwa ya Oman, ya wanga, sukari, samli, iliki na maji ya waridi, ni nzito. Chota kidogo kwa vidole vya kulia, na pembeni kuna maji ya kusuuza. Kisha kahawa: chungu, yenye iliki, haina sukari, utamu wake ni ile tende. Anayemimina husimama, dele (birika la kahawa) mkono wa kushoto na vikombe mkono wa kulia, naye humimina kidogo, chini ya nusu ya finjani. Usidhani amekubania. Kahawa kidogo unaimaliza kabla haijapoa, na inampa nafasi ya kukurudia. Pokea kwa mkono wa kulia, kunywa, umrudishie mkononi. Ukimrudishia kimya, atajaza tena, na tena. Ukitosheka, kitikise kushoto kulia mara mbili tatu ndipo umpe. Kimoja mpaka vitatu ni wastani mzuri. Kukataa hata kimoja kunahitaji sababu, kama ya kiafya, na ni vizuri uiseme. Mwaka 2015 UNESCO iliiingiza kahawa hii ya Kiarabu kwenye orodha ya urithi wa binadamu, kwa maombi ya Oman pamoja na Falme za Kiarabu, Saudi Arabia na Qatar.

Wanaume na wanawake wageni mara nyingi hula vyumba tofauti. Kwenye sinia adabu ni zile zile za Mwambao, ila angalia miguu: ikunje, nyayo zisimwelekee mtu. Wapo wenyeji wasiokaa kula nawe. Wanasimama kukuhudumia na watakula baadaye. Usiwalazimishe. Ukialikwa wakati wa Idi, uliza ni siku ipi, maana vyakula hupangwa kwa siku na mpangilio hutofautiana mji kwa mji: arsia ya wali na nyama iliyopondwa, mishkaki, na shuwa, ile nyama iliyopakwa viungo, ikafungwa majani, ikafukiwa kwenye shimo la makaa kwa siku moja mpaka mbili. Shuwa haikatwi kwa kisu. Inachanika yenyewe, na mwenyeji atakuchania.

Chetezo cha udi kikishazungushwa, jifukize, shukuru, aga. Watu wa Ghuba husema baada ya udi hakuna kukaa.

Ethiopia inamrahisishia Mswahili jambo moja: saa zao huhesabiwa kama zetu, saa moja ya asubuhi ikiwa baada ya jua kuchomoza. Ukialikwa saa saba na mtu anayehesabu kienyeji, ni mchana.

Huko sinia lenyewe linaliwa. Injera ni mkate mpana wa unga wa teff, nafaka ndogo ya huko, uliochachushwa siku mbili mpaka nne, ukapikwa upande mmoja tu kwenye chuma au kigae kipana kiitwacho mitad, juu ukabaki na vitundu. Mchuzi, wot, humiminwa juu yake kwa mafungu, na injera nyingine huja zimekunjwa pembeni. Chana kipande cha upana wa vidole vitatu au vinne kwa mkono wa kulia, ufunike mchuzi, ubane, uinue. Vidole havigusi mchuzi wala midomo. Wengi huchana kipande kidogo mno, vidole vikazama, au kikubwa mno, wakashiba mkate kabla ya mchuzi. Injera ya chini iliyonyonya mchuzi huliwa mwisho, na ndiyo tamu kuliko zote. Mwenye tumbo lisilokubali ngano aulize kwanza: teff haina gluteni, lakini hotelini, hasa Ulaya na Marekani, injera huchanganywa na ngano au shayiri.

Mwenyeji akikutengenezea tonge na kukuletea mdomoni, hiyo ni gursha. Fungua kinywa upokee, hata kama ni kubwa, kisha umlishe naye. Moja kwa kawaida hufuatwa na nyingine. Kitfo, nyama ya kusaga inayoletwa mbichi, unaweza kuomba ipikwe. Nyama mbichi ya ng'ombe inaweza kuleta tegu, na ombi hilo halimuudhi mtu. Kahawa nayo huja mizunguko mitatu, abol, tona na baraka, kutoka buni moja, kila mzunguko ukiwa mwepesi kuliko uliotangulia. Tenga saa nzima na zaidi, wala usipange kuondoka katikati.

Ukiwaalika wewe Wahabeshi, mambo mawili yashike. Kwa desturi, Wakristo na Waislamu wa Ethiopia hawali nyama iliyochinjwa na upande wa pili, kwa hiyo uliza kabla hujanunua, na wageni wakichanganyika andaa nyama mbili au samaki na mboga. Pili, Wakristo wa Kiorthodoksi hufunga Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima, na siku 55 kabla ya Pasaka: hawagusi nyama, maziwa, siagi, samli wala mayai, na wengine hawali chochote mpaka alasiri. Samaki wengine hula, wengine hawali. Hapa jiko la Mwambao lina bahati kubwa, maana nazi inaruhusiwa. Wali wa nazi, maharage ya nazi, mchicha wa nazi, bamia, kachumbari na chapati zilizokandwa kwa mafuta ya alizeti zote zinafaa Ijumaa. Angalia tu yale yanayoingia kimyakimya: samli ya kukaangia vitunguu, maziwa kwenye unga wa mandazi, mchemsho wa mifupa uliotiwa kwenye pilau, na chai iliyochemshwa na maziwa. Chai ya rangi yenye iliki na tangawizi ndiyo ya kuwakaribisha.