Redio iliyofungwa kwenye kanga

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza kama filamu inaweza kutuonyesha jinsi kitabu kinavyoandikwa, mkatoa mfano wa The Man Who Invented Christmas ya 2017, ambamo Charles Dickens, mwandishi Mwingereza, anahangaika kuandika hadithi ya Krismasi ya bahili Scrooge mwaka 1843. Jibu langu ni hapana. Mwandishi hukaa kimya muda mrefu, na kamera haina subira hiyo. Ndiyo maana humo wahusika wanamjia chumbani wakibishana naye.

Ila baba yake Dickens, John, alipoingia, niliisimamisha filamu. Mzee huyo alifungwa Marshalsea, gereza la wadaiwa, mwaka 1824, na Charles, akiwa na miaka 12, akawa kibarua wa kubandika lebo kwenye vikopo vya rangi ya viatu. Vitu vya nyumbani vilipowekwa rehani, aliyetumwa kuvipeleka ni yeye. Vitabu vilitangulia.

Mimi nilitumwa kupeleka redio. Nilikuwa darasa la tano, Tanga. Deni la baba la unga, sukari na mafuta ya taa lilikuwa limejaza kurasa mbili za daftari la duka. Aliifunga redio kwenye kanga ya mama, akasema, "Mpelekee. Mwambie baba ataikomboa mwisho wa mwezi." Nilizunguka nyuma ya msikiti ili wenzangu wasinione. Nikatoa shikamoo. Mwenye duka akaifungua mbele ya wateja na kuiwasha, aone kama inashika. Ikashika, taarabu ikajaa dukani, watu wakaacha kuongea wakanitazama. Akaizima, akaandika, kisha akaikunja kanga ya mama taratibu, pembe kwa pembe, akanirudishia kwa mikono miwili. Kule kukunja ndiko kulikoniliza njiani.

Baba hakuikomboa. Miaka miwili nilipita pale nikiisikia redio yetu ikisoma taarifa ya habari.

Dickens naye aliificha habari hiyo ya utotoni. Alimsimulia rafiki yake John Forster, na wasomaji wakajua baada ya yeye kufa mwaka 1870. Hata kitabu chenyewe cha Scrooge kilikuwa cha kutafuta pesa: alilipia uchapishaji mwenyewe, nakala 6,000 zikaisha kabla ya Krismasi, lakini faida ya toleo hilo ikawa kama pauni 230, naye alitarajia 1,000.

Kwa hiyo "hapana" yangu naibakisha kwa kalamu na karatasi tu. Hofu iliyo nyuma ya kalamu, filamu imeionyesha, na kwa hilo nawaambia itazameni, ingawa inawapatanisha baba na mwana upesi mno. Baba yangu na mimi tulichukua miaka ishirini.

Nimeitazama tena na wanangu. Habari ya redio sikuwaambia. Nimeiandika kwanza hapa.