Kufuta folda kubwa kwa skripti
SWALI: Mhariri, studio yetu ya picha hapa Ngamiani, Tanga, hufuta kila usiku folda yenye maelfu ya picha ndogo kwa skripti ya PowerShell (programu ya Windows ya kuendesha amri), na hadi kunapambazuka kazi haijaisha. Tufanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, kinachochelewesha ni wingi wa faili kuliko ukubwa wake, kwa kuwa Windows huondoa kila faili peke yake katika orodha ya diski, na Remove-Item, amri ya PowerShell ya kufuta, huongeza mzigo wake juu ya huo. Katika skripti yenu, mwiteni mkongwe, yaani rmdir, amri ya zamani ya Windows ya kufuta folda: cmd /c rmdir /s /q "D:\PichaZaMuda". Hakikini kwanza njia ya folda (anwani iliyo ndani ya alama za nukuu), maana kilichofutwa hivyo hakipitii pipa la taka. Wateja wakiwa wanasubiri, badilisheni jina la folda papo hapo kwenye diski ileile, tengenezeni mpya, na ile ya zamani ifutwe huku mkiendelea na kazi.