Bingwa wangu alipokwa kombe mezani

Swali lenu la wiki linasema: ukiambiwa uchague bingwa mmoja wa soka la vyuo vikuu, wa nchi yoyote, utamchagua nani na kwa nini? Najua wengi watataja Makerere, au chuo walichosoma wenyewe. Mimi nachagua Howard, chuo kikuu cha kihistoria cha Wamarekani weusi kilichopo Washington, tena kikosi cha 1971, ambacho kwenye orodha rasmi ya mabingwa hakimo.

Mashindano ya kitaifa ya vyuo vya Marekani yalianza 1959, na miaka ile ya mwanzo yalikuwa kama mali ya Saint Louis. Hao ndio waliobeba kombe la kwanza, na kufikia 1973 walikuwa nayo 10, wakitegemea zaidi vijana waliokulia kwenye ligi za parokia za mji wao. Howard hawakuwa na hazina kama hiyo mtaani kwao. Walichokuwa nacho ni wanafunzi kutoka Trinidad, Jamaika, Bermuda, Nigeria na Guinea, vijana waliovuka bahari kwenda kusoma, mpira wakiwa wanaujua tangu kwao. Mwaka 1970 akaja kuwafundisha Lincoln Phillips, golikipa wa timu ya taifa ya Trinidad na Tobago. Msimu wa 1971 walicheza mechi 15 wakashinda zote, na ya mwisho ilikuwa fainali kwenye uwanja wa Orange Bowl, Miami: Howard 3, Saint Louis 2. Hadi siku hiyo hakuna chuo cha weusi kilichokuwa kimetwaa ubingwa wa ngazi ya juu wa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, katika mchezo wowote ule.

Kisha mambo yakahamia mezani. Aliyewahi kufuatana na timu ya chuo huku kwetu anazijua kesi za mamluki: timu inafungwa asubuhi, jioni viongozi wake wanahangaika na mafaili na vitambulisho. Howard nao walichunguzwa, na mwaka 1973 NCAA ikawafutia ubingwa wa 1971 na kuwafungia mashindano ya mwaka ule. Lakini hawa hawakuwa watu wa kukodiwa mtaani wakavalishwa jezi. Walikuwa wanafunzi. Kosa moja lilihusu alama za kuingilia chuo, chini ya kanuni ambayo NCAA yenyewe iliifuta mwaka huohuo wa 1973. Jingine, na hili ndilo linalonikera hadi leo, lilitokana na kanuni iliyowahusu wageni peke yao: ukicheza mpira wa mashindano nchini kwako baada ya kutimiza miaka 19, kila mwaka unahesabiwa kana kwamba umeshachezea chuo, na unakatwa kwenye misimu unayoruhusiwa. Mmarekani aliyekipiga na klabu ya mtaani kwao kwa umri uleule hakupunguziwa kitu.

Chuo kilikwenda mahakamani. Jaji akasema kanuni ile ya wageni inavunja katiba, na mahakama ya rufaa ikakubaliana naye mwaka 1975. Kanuni nyingine zilibaki, ikiwemo ile iliyomtaka mwanafunzi amalize misimu yake ya kucheza ndani ya miaka mitano tangu aanze chuo, na kombe halikurudi. Kwa hiyo anayesema Howard walionewa katika kila kipengele anazidisha chumvi. Ninachosema mimi ni kwamba adhabu ilichanganya kosa la karatasi na kanuni ya kibaguzi, halafu ikazipima zote kwa mizani moja. Hata Saint Louis hawakupewa taji lile. Mwaka 1971 umeachwa wazi.

Wengi wanaoijua habari hii huipenda zaidi sehemu ya 1974, na siwalaumu. Howard walirudi, wakashinda mechi 19 bila kupoteza hata moja, wakaifunga Saint Louis 2-1 katika fainali iliyochezwa nyumbani kwa Saint Louis, bao la ushindi likifungwa na Mnigeria Kenneth Ilodigwe katika kipindi cha nne cha nyongeza. Tangu hapo Saint Louis hawajabeba tena kombe la taifa. Sinema haiwezi kupangwa vizuri zaidi. Ila utamu wake unatufanya tuone kama deni lililipwa, wakati waliocheza 1971 si wote waliokuwa bado chuoni 1974 wapate cha kunyanyua.

Siku hizi vyuo vya kule vinatafuta wachezaji wa nje waziwazi, bila mtu kushangaa. Mkenya Philip Mayaka alichezea Clemson, na timu za MLS, ligi kuu ya soka la kulipwa kule, zilipochagua wachezaji wa vyuo mwanzoni mwa 2021 alichukuliwa wa tatu, na Colorado Rapids. Mwisho wa mwaka huo Clemson wakawa mabingwa, yeye akiwa ameshaondoka.

Mhariri, ukipata nafasi ya picha, naomba uweke ya kikosi cha 1971. Cha 1974 kinajulikana.