Wasomaji Wanauliza: Bosi wa Mafia na Nyumba Yake

SWALI: Mhariri, John Gotti, bosi wa genge la Mafia la New York, alikuwa na mke, watoto na nyumba mtaani kama watu wengine. Genge na nyumba alivipangaje, na alinaswaje wakati alishashinda kesi tatu? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu msomaji, alitenganisha mahali. Nyumbani ni Howard Beach, Queens, kwa mkewe Victoria. Kwenye karatasi alikuwa muuzaji wa vifaa vya mabomba. Bosi asiye na ajira ya kutaja huulizwa na watu wa kodi nyumba kainunua kwa pesa gani. Al Capone, bosi wa genge la Chicago, alihukumiwa miaka 11 mwaka 1931 kwa kodi tu.

Shughuli zenyewe alizipeleka klabu ya Ravenite, Mulberry Street, Manhattan, na hapo ndipo alipojikaanga. Aliwataka makapteni wake, yaani wakuu wa vikosi vya genge, wafike pale kumwamkia, na FBI, makachero wa serikali ya Marekani, kwa kamera iliyowekwa mbali, wakaijua safu nzima ya genge pasipo kumhoji mtu. Kazi ilikuwa kupata maneno. Klabuni mna kelele, na mazito aliyasema akitembea barabarani au akipanda juu, kwenye nyumba ya mjane mmoja. Mwishoni mwa 1989 mjane huyo alisafiri. Mafundi wakaingia kwa kibali cha mahakama na kupachika vinasa sauti. Humo Gotti alisikika akizungumzia mauaji kwa kinywa chake.

Alikamatwa Desemba 1990, akiwa na umri wa miaka 50. Katika kesi ya 1987 mjumbe mmoja wa juri (raia wanaoamua hatia) alihongwa, kwa hiyo safari hii majina ya juri yalifichwa na wajumbe wakalala chini ya ulinzi. Kanda zikamwangusha mara ya pili: naibu wake, Sammy Gravano, alisikia bosi akimtupia lawama, akageuka shahidi. Hatia ilitamkwa 2 Aprili 1992, na baadaye akapewa kifungo cha maisha.

SWALI: RICO, iliyomfunga Gotti, ni sheria gani? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Ya Marekani, ya 1970. Makosa mawili yaliyoorodheshwa, ndani ya miaka 10, yakiwa ya mtandao mmoja, yanatosha kumfunga hata aliyeagiza tu. Kabla yake bosi aliponea hapo, maana mkono wake haukugusa kitu.

SWALI: Na ndugu na watoto wa Gotti walisalimika? (Msomaji huyohuyo)

JIBU: Hapana. Mdogo wake Gene alipata miaka 50 kwa biashara ya heroini. Mwanawe, John, aliingizwa gengeni, na mwaka 1999 akakiri makosa mahakamani.